Wapuliza matarumbeta: pumzi haijakuishia, unaimwaga

Bomba la Ngamiani (mleta uzi)

Wakuu salaam, wazee wangu shikamooni.

Uzi huu niliuahidi siku nyingi, leo naushusha. Haipiti wiki bila kijana kuniuliza, "Mwalimu, dawa ya pumzi ni nini?" Ukimwuliza ameshajaribu nini, anakutajia tangawizi, asali na ndimu, mayai mabichi. Yupo mmoja alikuwa anakunywa mafuta ya nazi kila asubuhi, sijui nani alimdanganya.

Hapa Tanga matarumbeta ni kazi ya watu. Msimu wa harusi ukiingia, msafara unatoka Makorora, unapita Chumbageni, unakwenda Raskazone kupiga picha na bahari, na wapuliza wamesimama juu ya kirikuu njia nzima. Kufika ukumbini ndiyo kwanza kazi inaanza: kumwingiza bibi harusi, kuwaingiza wazazi, kuleta keki, watu kwenda kutunza. Saa nne usiku utamkuta kijana wa trampeti kashika kiuno, wimbo anaudakia katikati, noti za juu hazitoki tena. Anakwambia pumzi imeisha. Mie nasema haijaisha, na nitaeleza kwa nini.

Mapafu ya mtu mzima yakijaa kabisa hubeba hewa kama lita 5 hadi 6, wanawake na watu wenye umbo dogo hupungua kidogo hapo. Ukiwa umekaa unasoma uzi huu, kila pumzi unayovuta ni nusu lita tu. Na ipo lita moja na ushei ambayo haitoki hata ukamuliwe, hiyo Mungu kaiweka mapafu yasigandamane. Kwa hiyo kati ya ile nusu lita ya kila siku na ujazo wote kuna nafasi kubwa ambayo watu hawaigusi kuanzia asubuhi mpaka wanalala. Kijana anapanda kirikuu na nusu lita yake aliyoizoea, akijitahidi sana labda lita moja, halafu analalamika kazaliwa na mapafu madogo.

Hebu mtazame anavyovuta. Mabega yanapanda mpaka masikioni, shingo inatoka mishipa, tumbo kalivuta ndani. Sasa hewa itakwenda wapi? Chini ya mapafu kuna msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, dayaframu. Msuli huu ukikaza unashuka, na ukishuka lazima vilivyomo tumboni visogee. Ndiyo maana mtu anayevuta vizuri tumbo lake hutoka mbele, na mbavu za chini hufunguka mpaka mgongoni. Ukilizuia tumbo umeuzuia msuli. Hewa inabaki kifuani juu, koo linabana, na ukianza kupuliza inatoka yote kwa mkupuo.

Anayetaka kuhakikisha, alale chali kwenye jamvi, aweke kitabu kizito juu ya kitovu, apumue bila haraka. Kitabu kipande wakati wa kuvuta, kishuke wakati wa kutoa. Ukiwa umelala mwili hufanya hivyo wenyewe bila kufundishwa. Kazi ni kuinuka na kusimama nao hivyohivyo, tarumbeta likiwa mkononi. Mkanda wa suruali usiukaze, wapo wanaopuliza wamejifunga mkanda utadhani wanakwenda kupakia mizigo bandarini.

Sasa kutoa, na hapa ndipo penye uzi wenyewe. Trampeti haili hewa nyingi. Tundu la mausipisi, kile kipande cha kuwekea midomo, ni dogo, midomo imebanwa, kinachopita ni hewa kidogo kwa msukumo mkubwa, hasa noti za juu. Ni sawa na mpira wa kumwagilia bustani, ukibana ncha kwa kidole maji yanafika mbali na bomba hujalifungulia zaidi. Tuba na susafoni, yale makubwa ya sauti nzito, ni kinyume chake, msukumo mdogo na hewa nyingi. Mpuliza tuba akisema kifua kimekauka baada ya mstari mmoja mrefu, namwamini. Wewe wa trampeti ukiniambia hewa imekuishia kwenye noti ya sita, ama hukuivuta, ama umeivuta na noti ya kwanza umeitupia yote.

Na vijana wetu ndivyo walivyo. Noti ya kwanza inapasua masikio ya watu, ya nne inaanza kuyumba, ya nane hakuna kitu. Watazamaji wanashangilia ile ya kwanza, basi kila wimbo anaanza hivyohivyo.

Zoezi ninalowapa kabla hawajagusa chombo: simama, vuta mpaka usikie mbavu za mgongoni zinafunguka, kisha itoe kwenye meno kwa "sss" nyembamba, sauti iwe ileile toka mwanzo hadi mwisho. Ikianza kwa nguvu na kumalizikia kwa kunong'ona, hiyo ndiyo tabia yako kwenye tarumbeta. Tumia mshale wa sekunde wa saa ya ukutani: vuta kwa 4, toa kwa 8. Ikikaa sawasawa nenda 12, kisha 16. Asikimbilie mtu 40 ili akatambe kwa wenzake, sauti ikiyumba hujafika. Ukitoka hapo shika karatasi nyepesi ukutani, sogea hatua ndogo nyuma, ipulizie isianguke, achia mkono. Karatasi haina adabu, ukilegeza kidogo tu inashuka.

Nakwenda kuswali, nikirudi nitaendelea na mambo ya mahali pa kuvuta.

Kijana wa Duga

Mwalimu shikamoo. Nimeweka kiti mbele kabisa. Mie trampeti, na hayo ya kushika kiuno ni mie mtupu. Nikipuliza nusu saa nasikia kizunguzungu, nyimbo ndefu naruka vipande. Nimeanza kukimbia asubuhi pale ufukweni na kuogelea, je, vinasaidia?

Mtoto wa Kange

Uzi mzuri ila umesahau adui mkubwa wa pumzi, pilau la harusi. Hatuna nguvu za kukataa pilau mwalimu.

Mzee wa Lushoto

Bwana Bomba, habari za huko joto. Mie nimekulia kwenye bendi ya matarumbeta ya kanisa huku milimani, Walutheri wa Usambara tunapuliza toka enzi za babu zetu, mazishi tunapuliza, Pasaka tunapuliza alfajiri na ukungu haujainuka. Sisi tulifundishwa neno moja: kaza tumbo. Mwalimu alikuwa anakuja kukugonga tumboni kwa ngumi wakati unapuliza, ukilegea umefeli. Sasa weye unasema tumbo litoke nje. Nani mkweli?

Bomba la Ngamiani

Nimerudi. Mzee wangu shikamoo, swali lako ndilo linalogawa walimu pande mbili.

Tumbo lina kazi mbili kwa zamu. Wakati wa kuvuta lazima liachiwe, wala halina mjadala. Wakati wa kutoa, misuli ya tumbo na ile iliyo kati ya mbavu ndiyo inayosukuma hewa, na hapo ukigonga utakuta pagumu. Mwalimu wako alikuwa anagonga wakati unapuliza, kwa hiyo alikuwa sahihi. Tatizo linaanza pale mwanafunzi anapolikaza kabla hajavuta, akabaki nalo limekaza wimbo mzima. Mwalimu anasema kaza, mtoto anaelewa kaza daima.

Ndiyo maana mie huwa sipendi kumwambia mtoto "puliza kwa dayaframu". Dayaframu ni msuli wa kuvuta. Wakati unapuliza, yenyewe inalegea inarudi juu pole pole. Huwezi kuishika wala kuihisi. Kumwambia mtu asukume kwa msuli huo ni kumtafutia kazi koo, maana asipojua pa kukaza atakaza pa karibu.

Kulikuwa na mpuliza tuba wa Marekani, Arnold Jacobs, alikaa na okestra ya simfoni ya Chicago kuanzia 1944 hadi 1988. Mapafu yake hayakuwa mazima, alikuwa na pumu, na bado wapuliza kutoka kila upande walikuwa wanamfuata awafundishe kupumua. Alikuwa akiwakataza kuhangaika na misuli moja moja. Alitaka mtu awe na sauti kichwani kwanza, auwaze wimbo anaotaka usikike, na mwili ufuate hewa. Tuba yenyewe ndiyo inayokula hewa kuliko vyote, na yeye akiwa na kifua pungufu. Kijana wa miaka 20 mwenye mapafu mazima asije kwangu na habari za mayai mabichi.

Kijana wa Duga, marahaba. Kukimbia endelea, kwa sababu sie tunapuliza tukitembea na kucheza, na moyo wenye mazoezi unatulia upesi mkisimama. Kuogelea pia kuzuri, ukizama mpaka mabegani maji yanakandamiza kifua, na misuli ya kuvuta inafanya kazi zaidi. Ila usitegemee mapafu yako yatakua. Mtu mzima mapafu yake ndiyo hayohayo, kinachobadilika ni misuli na ujuzi wa kuyatumia. Kizunguzungu namwachia mtu wa afya, najua wapo humu.

Pilau: pulizeni kwanza, mle baadaye. Tumbo likijaa dayaframu haina pa kushukia, na soda juu yake ndiyo usiseme. Wenye harusi waambieni mapema wawawekee sahani zenu pembeni, maana mkichelewa mtakuta ukoko.

Nesi wa Zamu

Nipo, nimemaliza zamu ya usiku, naandika haraka.

Kizunguzungu cha wapuliza kina sura mbili. Ya kwanza ni ya anayefanya mazoezi ya pumzi kwa pupa, anavuta na kutoa, anavuta na kutoa. Kabonidayoksaidi inapungua mno kwenye damu, mishipa ya kichwani inabana, vidole vinafanya ganzi, kichwa kinakuwa chepesi. Dawa yake ni kuacha, kukaa chini na kupumua kawaida. Ya pili ni ya noti za juu za trampeti. Unasukuma kwa nguvu kifua kikiwa kimefungwa, damu inayorudi kwenye moyo inapungua kwa muda, ukiachia noti unaona nyota. Ukiwa juu ya gari hilo ni jambo la kuanguka, si la mzaha. Shikeni bomba la gari, na aliyeona nyota akae wimbo mmoja.

Jambo jingine watu hawalijui: ile hamu kali ya kuvuta hewa katikati ya noti ndefu mara nyingi haina maana kwamba oksijeni imekwisha. Mwili unapima zaidi kabonidayoksaidi iliyojaa. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kifua nusu kimejaa na bado anaona anakufa.

Mwenye pumu asiache muziki kwa hofu, lakini aonane na daktari, dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni na siyo nyumbani, na siku kifua kinapiga miluzi apumzike. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi, nenda kapime kifua kikuu, kipimo ni bure kwenye vituo vya serikali. Na jingine, acheni kupeana mausipisi moja watu wanne. Nimewaona kwa macho yangu, mmoja anapuliza, anafuta kwa shati, anampa mwenziwe.

Dada Filimbi

Nesi asante, hilo la kupeana mausipisi lilikuwa linanikera siku zote.

Mie napiga filimbi ya pembeni, nilijifunzia Bagamoyo pale TaSUBa, chuo cha sanaa. Filimbi haina kizuizi chochote mdomoni, unapuliza juu ya tundu, hewa nyingine inaingia na nyingine inapotea hewani. Mwanzoni nilikuwa sifiki mwisho wa mstari. Kilichonisaidia siyo kuvuta zaidi, ni kupunguza tundu la midomo yangu mwenyewe. Mwalimu aliniweka mbele ya mshumaa, akanitaka niulaze ulimi wa moto bila kuuzima, nikae nao hivyo umelala. Ukiweza hilo, filimbi inaanza kukupa sauti kubwa kwa hewa ndogo. Mshumaa usiufanyie karibu na pazia.

Nina la kuongeza juu ya kuvuta. Wengi wanavuta kwa kelele, unasikia "hhhii" mpaka ukumbi wa nyuma. Kelele hiyo ni koo limebana. Fungua mdomo kwa ndani, sehemu ya nyuma, kama "o", usikie ubaridi kooni. Pumzi kubwa isiyo na sauti inaingia haraka kuliko ndogo yenye kelele. Kwa trampeti huna haja ya kuondoa mausipisi mdomoni, achia pembe za mdomo tu, vuta humo, rudisha.

Kijana wa Duga

Hii ya pembe za mdomo nimeijaribu sasa hivi chumbani bila tarumbeta. Mama kaniuliza naongea na nani.

Zumari la Pangani

Assalaam aleikum. Vijana mnazungumza mambo mazuri lakini mmesahau wenye nyumba. Kabla ya trampeti pwani hii ilikuwa na zumari, na zumari halisimami kuvuta hewa. Ngoma inapigwa, watu wanacheza, na sauti ya zumari haikatiki. Mkija kwenye beni, ile ngoma ya matarumbeta na gwaride, ndipo mkaanza kukata pumzi. Beni yenyewe imeingia pwani mwishoni mwa karne ya 19, na baadaye vikundi vyake, Arinoti na Marini, vikawa vinashindana kwa gwaride, sare na matarumbeta. Zumari lilikuwepo.

Siri yake ni hii. Midomo imekaa kwenye kile kisahani, ulimi wa zumari uko ndani ya kinywa. Unapopuliza unayajaza mashavu. Hewa ya kifuani ikikaribia kupungua, unafunga koo nyuma, mashavu yanakamua hewa iliyo kinywani iendelee kutoka, na papo hapo pua inavuta. Kitambo kidogo tu, kisha kifua kinapokea. Anayesikiliza hajui kitu. Mjukuu wangu nilimfundisha kwa bilauri ya maji na mrija. Puliza mapovu, halafu vuta kwa puani huku mapovu hayakatiki. Wiki ya kwanza maji yalimwingia puani kila siku na akalia. Baadaye akaizoea, sasa ananipita.

Na lipo jambo mtu wa trampeti hatalijua. Zumari linapitisha hewa ndogo sana, ule ulimi wa majani una upenyo mwembamba. Kwa hiyo taabu yetu siyo kuishiwa, ni kubaki na hewa iliyochakaa. Kifua kimejaa na roho inataka kutoka. Ndiyo aliyoisema huyu binti nesi. Mpuliza zumari asiyejua kuzungusha pumzi lazima kwanza atoe, ndipo avute. Ukivuta juu ya hewa chafu unajizidishia.

Saksi Moja

Mzee Zumari nimekuelewa sana. Kenny G wa Marekani mwaka 1997 alishika noti moja kwenye saksafoni zaidi ya dakika 45 kwa mtindo huohuo wa mashavu na pua. Wazungu wakashangaa, Pangani hawakushangaa.

Swali kwa mwalimu: je, na sisi wa harusi tujifunze?

Bomba la Ngamiani

Mzee Zumari wa aleikum salaam, na shikamoo yako. Umetupa elimu ya bure.

Saksi Moja, jibu langu ni hapana, siyo sasa. Kwenye saksafoni na zumari inawezekana kwa urahisi kuliko trampeti, maana trampeti mashavu yakijaa midomo inalegea na noti za juu zinakimbia. Najua utanitajia Dizzy Gillespie, yule mpuliza trampeti wa Marekani, mashavu yalikuwa yanavimba mpaka yanatisha na bado alipuliza kuliko wote. Dizzy ni Dizzy. Kwa kila Dizzy mmoja kuna vijana kibao Ngamiani wanaovimbisha mashavu na sauti hakuna.

Halafu hatuhitaji. Sisi tuko watu sita, saba. Noti ndefu ya kumwingiza bibi harusi haina haja ya kushikwa na mtu mmoja. Tunapokezana. Trampeti wa kwanza anavuta mwanzoni mwa pigo la tatu, wa pili anavuta pigo linalofuata, na kila anayevuta anaondoka kwa ulaini na kurudi kwa ulaini, bila kuigonga noti upya kwa ulimi. Msikilizaji anasikia sauti moja ndefu. Kwaya zinafanya hivi kila Jumapili. Sheria ni moja: usivute pale jirani yako anapovutia. Kaeni chini mgawane kabla hamjapanda gari. Bendi nyingi mjini hapa zina vijana wenye vifua vizuri, ila wote wanavuta kwa pamoja, na wimbo unakatika katikati ya neno.

Na hili la katikati ya neno ndilo nililoahidi. Nyimbo zetu za harusi zina maneno, hata tukizipuliza bila mwimbaji watu wanaziimba kichwani. Vuta pale ambapo mwimbaji angevuta. Asiyesoma noti aandike maneno kwenye karatasi, aweke mkwaju wa penseli kila anapokusudia kuvuta, na akiuweka auheshimu, hata kama bado ana hewa. Wengi wanapita pa kuvutia kwa sababu hawajasikia haja, halafu wanakamatwa mahali ambapo hapavutiki. Chukua wimbo wa taifa, upulize taratibu, kila mstari pumzi moja, mkwaju mwisho wa mstari. Kila mtu anaujua, na ukivuta pabaya hata mtoto wa darasa la kwanza atakucheka.

Mkiwa mnatembea, funga pumzi na hatua. Kwenye mwendo wa gwaride vuta kwa hatua moja, ya kushoto au ya kulia, lakini iwe ileile. Mwili ukizoea hautakuuliza tena. Juu ya gari ni taabu zaidi kwa sababu ya matuta. Hapo ujanja ni magoti, yalegeze, na usiegemeze tarumbeta kwenye midomo. Tuta moja tu meno yatakuwa ya kununua.

Mzee wa Lushoto

Hili la kugawana pumzi nimelipenda. Kwetu tulikuwa tunafanya bila kulipa jina. Kuhusu tumbo nimekubali nusu. Ngumi ya mwalimu wangu siiachi.

Saksi Moja

Niongeze kitu ambacho hakijaguswa, chombo chenyewe. Saksafoni pedi zake, zile za kufunika matundu, zikiwa hazifungi vizuri, unapuliza kwa nguvu mara mbili na noti za chini bado hazitoki. Mtu anadhani kifua kibovu kumbe hewa inatokea pembeni. Ingiza taa ndogo ndani gizani, funga vitufe, utaona mwanga unapochungulia. Tarumbeta zetu nyingi hapa ni za mitumba, zimepita mikono mingi.

Bomba la Ngamiani

Saksi Moja, umewahi, ilikuwa inakuja.

Trampeti inapimwa hivi. Paka mafuta ya valvu kwanza, valvu ni zile tatu unazobonyeza kwa vidole. Kisha vuta lile bomba dogo la valvu ya tatu, usilichomoe, livute nusu tu na valvu usiibonyeze. Subiri kidogo, halafu bonyeza. Likilia "po!" valvu inafunga. Likikaa kimya hewa imeshapenya kwa siri, na hivyo hivyo inapenya unapopuliza. Fanya na valvu nyingine, kila moja na bomba lake. Usisahau kizibo cha kutolea maji, kile kipande cha koki, ile ya vizibo vya chupa, au mpira. Kikiliwa kidogo tu tarumbeta linakuwa gumu, na ni kitu cha bei ndogo kukibadilisha. Halafu osheni ndani, maji ya vuguvugu na sabuni, siyo ya moto. Nilishafungua bomba la mdomo la kijana mmoja likatoka uchafu wa kijani kibichi, na huyo ndiye aliyekuwa anakunywa mafuta ya nazi.

Mtoto wa Kange

😂😂 Kumbe dawa ilikuwa sabuni.

Dada Filimbi

Swali la mwisho kwa leo. Mazoezi kwa siku dakika ngapi? Kuna watu watasoma hapa wakapuliza saa tatu mfululizo kesho.

Bomba la Ngamiani

Pumzi bila chombo dakika tano, siyo zaidi, kwa sababu ile aliyoieleza nesi. Kisha noti ndefu, laini, sauti ya chini kabisa unayoweza kuishika bila kutetemeka, dakika kumi au robo saa. Laini ndiyo ngumu. Mwenye kupuliza laini kwa muda mrefu, kishindo hakimshindi. Baada ya hapo nyimbo. Na pumzika kadiri unavyopuliza, dakika kwa dakika, midomo ni nyama. Watu wengi wanaosema pumzi imewaishia, kilichochoka ni midomo. Midomo ikichoka inaachia, hewa inavuja pembeni, unasukuma zaidi, inachoka zaidi. Mwanzoni nimesema unaimwaga, na hapo ndipo mahali pengine inapomwagikia.

Majirani wa Ngamiani nyumba zimebanana, pulizeni jioni, na ikiadhiniwa nyamazeni.

Kijana wa Duga

Mwalimu, nimefanya kipimo cha "po". Valvu ya kwanza imelia, ya tatu imelia, ya pili kimya kabisa hata baada ya mafuta. Na kizibo cha maji nimekibonyeza kwa kidole nikipuliza, sauti ikabadilika. Nichukue msasa niisugue hiyo valvu?

Bomba la Ngamiani

Msasa usiuguse! Ukisugua unazidisha nafasi, valvu ndiyo imekufa hivyo. Kizibo tengeneza leo, kata koki ya chupa kwa wembe, isawazishe, gundisha. Valvu jaribu mafuta mazito kidogo kuliko hayo unayotumia, ya valvu siyo ya cherehani. Bado ikikaa kimya, lete Jumanne baada ya Alasiri pale tunapofanyia mazoezi, Mzee wa tuba ana macho ya mambo hayo. Njoo na mausipisi yako mwenyewe.

Kijana wa Duga

Nitakuja inshallah. Jumamosi tuna harusi Pongwe, naipigaje bila valvu ya pili?

Bomba la Ngamiani

Utaipiga nayo hivyohivyo ilivyo. Ila omba ukae trampeti wa pili, na mgawane pumzi.